Kuchoma mboga nyumbani: moto hauondoi vumbi la metali



Kila mtu wa Lubumbashi anajua utamu wa mahindi mabichi yaliyochomwa kwenye mbabula. Biringanya, nyanya, vitunguu na viazi vitamu vinachomwa vizuri vilevile. Ni chakula chema: hakuna maji ya kumwaga, kwa hiyo vitamini nyingi zinabaki ndani. Mimi biringanya iliyochomwa, ikapondwa na chumvi na pilipili, nikiila na bukari sitafuti nyama.

Lakini kwanza kuosha. Wengine wanasema: «Nioshe kwa nini kitu ninachotia motoni? Moto utaua yote.» Moto unaua vijidudu, ndiyo. Risasi, kobalti na kadimiamu si vijidudu, ni metali, na moto wa makala hauziondoi. Tanuru la mji wetu lilianza kuyeyusha shaba mwaka 1911, na moshi wake uliacha metali katika udongo, zaidi upande ule upepo unakoupeleka. Mwaka 2009 wachunguzi wa Universite ya Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walionyesha kwamba watu wa Katanga wanaokaa karibu na migodi na viwanda wana kobalti nyingi katika mkojo. Risasi inaharibu akili ya mtoto polepole, bila homa wala kikohozi cha kukuonya.

Basi osha katika maji safi mara mbili, mara tatu, mpaka maji yabaki meupe. Osha hata kile utakachomenya baadaye, kwa sababu vidole vinachukua vumbi la ganda na kulipaka kwenye nyama ya kiazi. Ukisha kuchoma, menya, ganda litupe. Metali nyingine inapita katika mizizi mpaka ndani ya jani, na hiyo haioshwi: usilime bustani karibu na marundo ya takataka za kiwanda, wala usiinyweshe kwa maji yanayotoka huko. Na wewe baba, nguo za kazi zisitundikwe jikoni.

Sasa moto. Ngoja makala yafunikwe na majivu meupe ndipo uweke mboga. Usiwashe kwa plastiki, kipande cha mpira au ubao wenye rangi. Sumu yake inapanda moja kwa moja kwenye chakula. Mafuta yatie mwisho, katika sahani, maana yakidondokea makala yanaleta moshi mchungu. Biringanya imeiva ganda likitoka lenyewe.

Mbabula ikae wapi? Nje, au chini ya paa lisilo na kuta. Wewe unayeshuka chini ya ardhi unajua hewa ni nini: pale pasipo hewa ya kutosha huingii. Mbona nyumbani, usiku wa baridi wa Juni na Julai, mbabula ikisha kuchoma viazi inaingizwa chumbani ili watoto wapate joto, na mlango unafungwa? Makala mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayodanganya. Yanatoa gesi isiyo na harufu wala rangi, inayoshika damu kwa nguvu kupita mara 200 ya hewa njema. Kichwa kinauma, macho yanazunguka, mtu anatapika, miguu inakosa nguvu. Aliyelala haoni dalili hizo, anaendelea kulala tu.

Ukikuta watu wamelegea katika chumba chenye mbabula, fungua mlango na madirisha, uwavute nje mara moja, wewe mwenyewe usikawie mle ndani. Asiyepumua apuliziwe hewa kinywani. Usimpe maziwa: hayatoi gesi katika damu, na mtu aliyezimia yatamwingia mapafuni. Mpeleke hospitali wapate kumpa oksijeni, hata kama amesimama na kusema amepona, kwa sababu gesi hiyo inakaa katika damu saa nyingi.