Goti Halisomi Ratiba ya Ligi

Mechi ya Simba na Yanga ikibakiza siku tatu, swali moja huzunguka Mwanza nzima, kuanzia Makoroboi hadi Igoma, kwenye vijiwe vya kahawa, kwenye foleni ya kivuko cha Kamanga na juu ya bodaboda: fulani atacheza? Anayeulizwa huwa ni yule majeruhi ambaye timu inamtegemea. Mmoja atasema ameona video yake akikimbia mazoezini. Mwingine ataapa kwamba ana shemeji yake Dar es Salaam anayefahamiana na daktari wa timu. Wa tatu, ambaye kwa kawaida ni shabiki wa upande wa pili, atatangaza kwamba huyo ameisha. Watabishana kwa kuhesabu wiki na miezi, nani aliumia lini na nani alirudi baada ya muda gani. Kuhusu kilichochanika ndani ya mwili, na kimefikia wapi kupona, hakuna atakayeuliza.

Novemba 5, 2023 ubishi wa aina hiyo ulifika kilele. Aishi Manula, kipa wa Simba na Taifa Stars, alikuwa ndiyo kwanza anarejea baada ya kuumia Aprili na kufanyiwa upasuaji Afrika Kusini. Alipangwa langoni dhidi ya Yanga kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa, na Simba ikachapwa 5-1. Lawama zikamwendea kipa: hakuwa fiti, aliharakishwa. Siku mbili baadaye kocha Roberto Oliveira, maarufu kama Robertinho, akaachana na klabu. Januari iliyofuata Manula huyohuyo alikuwa langoni mwa Taifa Stars kwenye AFCON nchini Ivory Coast. Mabao matano hayamwelezi mtu jeraha limepona kiasi gani. Mabeki nao walikuwepo.

Madaktari wa michezo wana namna yao ya kulitazama jambo hili, na si ya kuhesabu siku peke yake. Wanauliza kwanza ni kitu gani kiliumia, kwa sababu msuli, kano, ligamenti na ubongo haviponi kwa mwendo mmoja. Kisha wanapima. Maumivu kuisha ni habari njema, lakini kwao ni hatua ya mwanzo tu.

Goti ndilo linaloonyesha tofauti hiyo vizuri kuliko kiungo kingine chochote. Katikati yake kuna ligamenti mbili zilizopishana kama herufi X, mikanda migumu inayounganisha mfupa wa paja na ule wa muundi. Ya mbele ndiyo inayouzuia muundi usiteleze kwenda mbele na goti lisizunguke kupita kiasi. Mara nyingi hukatika bila mtu kuguswa: mchezaji anakimbia, anakanyaga ili ageuke, mguu unabaki pale ulipo na mwili unazunguka. Wengi husema walisikia kitu kikilia ndani. Ndani ya saa chache goti linavimba. Ikikatika kabisa, ligamenti hiyo kwa kawaida haijiungi yenyewe ikarudi kama ilivyokuwa, ndiyo maana wanaotaka kurudi kwenye mchezo wa kugeuka na kuruka hufanyiwa upasuaji.

Yacouba Sogne, mshambuliaji wa Yanga kutoka Burkina Faso, aliumia goti Novemba 2021 na akalazimika kufanyiwa upasuaji. Baadaye alikuja kuzichezea Ihefu na Tabora United, lakini kwa mashabiki waliokuwa wakimsubiri, kipindi cha katikati kilikuwa kirefu mno. Kila baada ya wiki chache lilizuka swali lilelile: kwani bado?

Jibu limo kwenye upasuaji wenyewe. Daktari hashoni ligamenti iliyokatika. Mara nyingi anachukua kipande cha kano ya mgonjwa mwenyewe, kutoka nyuma ya paja au chini ya kifuniko cha goti, anakipitisha kwenye matundu aliyotoboa mifupani na kukifunga. Kipande hicho kimeng'olewa kwenye mishipa yake ya damu. Mwili huanza kuziondoa seli zake za zamani, kisha huota mishipa mipya na kukijenga upya taratibu mpaka kifanane na ligamenti. Kazi hiyo huchukua miezi mingi, na katika miezi ya mwanzo kipande kinapungua nguvu kabla ya kuanza kuziongeza.

Tatizo ni kwamba katika miezi hiyohiyo mchezaji anajisikia mzima. Uvimbe umekwisha, anatembea vizuri, anaanza kukimbia polepole, na video yake inasambaa kwenye simu za mashabiki. Kwa nje kila kitu kinasema yuko tayari, ilhali ndani ya goti ujenzi bado unaendelea.

Mwaka 2016 watafiti wa Norway na Marekani walitoa matokeo ya wanamichezo waliowafuatilia baada ya upasuaji wa aina hiyo. Waligundua kwamba kila mwezi mmoja wa kuchelewa kurudi, mpaka kufikia mwezi wa tisa, ulipunguza karibu nusu uwezekano wa kuliumiza goti upya. Baada ya mwezi wa tisa, kuendelea kusubiri hakukuonyesha faida hiyo tena. Jambo la pili walilolibaini ni nguvu za misuli ya mbele ya paja: waliorudi huku mguu ulioumia ukiwa dhaifu kuliko mwenzake waliumia zaidi. Ndiyo sababu kipimo kinachotumiwa sana ni kwamba mguu uliopasuliwa ufikishe angalau asilimia 90 ya nguvu za ule mzima, na mchezaji aweze kuruka na kutua kwa mguu mmoja umbali unaokaribiana kwa miguu yote miwili. Jaribio la kuruka linahitaji futi ya kupimia na sehemu tambarare. Hata timu ya daraja la chini pale Nyamagana inaweza kulifanya.

Na kurudi kwenyewe si jambo la uhakika. Uchambuzi uliounganisha tafiti nyingi mwaka 2014 ulionyesha kwamba asilimia 81 ya waliofanyiwa upasuaji huo walirudi kwenye mchezo wa aina fulani, asilimia 65 wakarudi kwenye kiwango chao cha awali, na asilimia 55 tu ndio waliorudi kwenye mashindano. Wengine walizuiwa na hofu kuliko goti. Kwa hiyo shabiki anayesema fulani harudi kama zamani ana takwimu kidogo za kumtetea, ingawa mara nyingi huyasema hayo mapema mno na kwa furaha iliyozidi.

Hadithi ya goti ambayo watu wazima wengi wanaikumbuka ni ya Ronaldo wa Brazil. Novemba 1999, akiwa Inter Milan, aliumia kano iliyo chini ya kifuniko cha goti. Aprili 12, 2000 alirudi, akaingia kipindi cha pili cha fainali ya Kombe la Italia dhidi ya Lazio. Hazikupita dakika kumi. Alikuwa anamkabili beki, akapiga chenga zake, na goti likafyatuka bila kuguswa na mtu. Safari hii kano ilikatika kabisa. Alikaa nje zaidi ya mwaka, na mwaka 2002 akafunga mabao manane kwenye Kombe la Dunia lililobebwa na Brazil. Watu wengi hukumbuka mabao hayo manane. Dakika zile chache za Roma zina somo kubwa zaidi kwa kocha.

Kwa wasichana hatari ni kubwa zaidi. Wanawake wanaocheza soka hukatika ligamenti ya mbele ya goti mara mbili hadi tatu, na katika baadhi ya tafiti zaidi ya hapo, wakilinganishwa na wanaume. Wataalamu wanataja namna ya kutua baada ya kuruka, uwiano wa misuli ya paja, na pia mazoezi na viatu ambavyo kwa miaka mingi vilitengenezwa kwa kumfikiria mwanamume. Mwanza, yenye timu ya wanawake ya Alliance Girls, ina sababu ya kulifuatilia jambo hili kwa karibu. FIFA inao utaratibu wa kupasha misuli wa dakika 20 hivi unaoitwa 11+, wenye kukimbia, kuruka, kutua na kuimarisha misuli ya tumbo na mapaja. Timu zinazoufanya mara kwa mara zimepunguza majeraha kwa takriban theluthi moja au zaidi. Hauhitaji kifaa chochote zaidi ya mpira.

Misuli ina kasi yake. Ile ya nyuma ya paja ndiyo inayoongoza kuwatoa wachezaji uwanjani, na ndiyo inayoongoza kwa watu kujitonesha. Utafiti wa muda mrefu wa UEFA kwenye klabu kubwa za Ulaya ulionyesha kwamba karibu jeraha moja kati ya matano ya msuli huo lilikuwa la kujirudia, na zaidi ya theluthi mbili ya hayo yalitokea ndani ya miezi miwili tangu mchezaji arudi. Hizo ni klabu zenye madaktari, mashine na mabwawa ya kuogelea. Kwenye ndondo, yaani soka la mitaani, mchezaji ambaye kesho yake anatakiwa juu ya bodaboda au ndani ya mtumbwi huchuliwa kwa nguvu jioni ileile, hupakwa dawa ya moto, humeza vidonge vya maumivu na Jumapili inayofuata anavaa jezi. Kuchua msuli uliochanika siku hiyohiyo kunaweza kuongeza kuvuja damu ndani. Siku mbili tatu za kwanza unahitaji kupumzishwa, kufungwa bandeji na kuwekewa barafu iliyozungushiwa kitambaa, na mji unaoishi kwa samaki haukosi barafu. Vidonge na sindano za maumivu havifungi msuli. Vinazima kengele tu.

Kwenye kichwa, sheria ni kali zaidi na haina mjadala. Tua Tagovailoa ni mchezaji wa futiboli ya Kimarekani, ile ya kofia ngumu, na nafasi yake ni kwotabeki, mtu anayepanga na kuanzisha mashambulizi ya timu nzima. Septemba 25, 2022, akiichezea Miami Dolphins, alisukumwa akaangukia kisogo, akainuka na kuyumba mbele ya kamera. Alirudishwa kucheza mechi ileile. Siku nne baadaye aliangushwa tena, vidole vikamkakamaa, akatolewa kwa machela. Wenye ligi na chama cha wachezaji walilazimika kubadili utaratibu mwezi uliofuata: mchezaji anayeonekana kupoteza uwiano wa mwili harudi tena siku hiyo, hata akidai kwamba kilichomyumbisha ni mgongo.

Ubongo uliotikiswa hauonekani kwenye picha za kawaida. Unajulikana kwa dalili: kuyumba, kutapika, kuuliza matokeo mara mbili, macho kushindwa kuvumilia mwanga, kusahau namna alivyoumia. Pigo la pili kabla ubongo haujatulia linaweza kusababisha uvimbe wa hatari, hasa kwa vijana. Kwa hiyo anayeshukiwa tu kutikisika ubongo hutoka na hachezi tena siku ile, kisha hurudi kwa hatua, kila hatua ikichukua angalau saa 24. Tangu Julai 2024 sheria za soka zinaziruhusu ligi kuweka nafasi ya ziada ya kubadili mchezaji aliyeumia kichwa, bila kuhesabiwa kwenye mabadiliko ya kawaida. Kocha wa ligi iliyoikubali sheria hiyo hana tena kisingizio cha kumaliza nafasi.

Kuna dharura moja ambayo haimpi mtu muda wa kubishana. Desemba 4, 2016 Ismail Mrisho Khalfan, kijana wa timu ya vijana ya Mbao FC ya Mwanza, alifunga bao dhidi ya Mwadui kwenye Uwanja wa Kaitaba, Bukoba. Muda mfupi baadaye alianguka uwanjani, na hakuamka tena. Mchezaji akianguka bila kugongwa, asiitike na asipumue kawaida, anatakiwa kuchukuliwa kama mtu ambaye moyo wake umesimama mpaka ithibitishwe vinginevyo. Christian Eriksen wa Denmark alianguka hivyo Juni 12, 2021, mbele ya dunia nzima. Alikandamizwa kifua palepale, mashine ikaushtua moyo wake, na Februari 2022 akarudi dimbani na Brentford ya Uingereza akiwa na kifaa kidogo kilichopandikizwa kifuani. Klabu yake ya wakati alipoanguka, Inter Milan, haikuweza kumtumia, kwa kuwa kanuni za Italia hazimruhusu mwenye kifaa hicho kucheza. Sayansi ileile, nchi mbili, maamuzi mawili.

Pamba Jiji ya Mwanza ilirudi Ligi Kuu mwaka 2024 baada ya zaidi ya miaka 20, na Uwanja wa CCM Kirumba ukapata tena mechi kubwa za timu ya nyumbani. Majeruhi watakuwepo, na vijiwe vitaendelea kuwajadili, jambo ambalo ni haki ya kila aliyekata tiketi. Ila kila dakika inayopita moyo ukiwa umesimama, bila kifua kukandamizwa wala moyo kushtuliwa, hupunguza nafasi ya kupona kwa asilimia 7 hadi 10. Viongozi wa timu za Mwanza, za ligi na za ndondo, wajiulize kabla ya filimbi ya kwanza: mashine ya kushtua moyo iko wapi, na ni nani pembeni ya uwanja anayejua kukandamiza kifua?