Kufundisha Mpangilio wa Chembe kwa Mfano wa Oksaidi ya Alumini

Katika somo la Sayansi mwalimu hufika mahali ambapo hana budi kueleza kwa nini kitu kimoja ni kigumu na kingine ni laini. Mara nyingi huandikwa ubaoni orodha ya sifa, nao wanafunzi huinakili na kuikariri. Orodha hiyo hukumbukwa hadi siku ya mtihani, lakini haimwezeshi mtoto kutambua sababu. Makala haya yanaeleza njia nyingine kwa kutumia kauri moja, yaani oksaidi ya alumini.

Tuanze na swali. Alumini ni metali ya kutengenezea sufuria: hubonyea, hupitisha umeme, na huyeyuka katika nyuzi 660 za Sentigredi. Oksijeni ni gesi tunayoivuta. Viwili hivi vikiungana hupatikana kitu kigumu mfano wa jiwe, kisichopitisha umeme, na ambacho hakiyeyuki mpaka joto likaribie nyuzi 2,050. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs almasi ina 10, na kitu hiki kina 9. Je, sifa hizi zimetoka wapi, iwapo hazimo katika alumini wala katika oksijeni?

Mwalimu asilijibu swali hilo mapema. Kwanza awape wanafunzi vitu vya kushika: kipande cha sufuria kuukuu na plagi ya pikipiki au gari iliyokwisha kutumika na kusafishwa. Sehemu nyeupe ya plagi ni kauri ambayo kwa kiasi kikubwa ni oksaidi ya alumini. Kazi yake ni kuzuia umeme usiruke kando, huku ikistahimili joto la injini. Wanafunzi wapime vitu vyote viwili kwa betri, nyaya na balbu ndogo. Uso wa sufuria ukwaruzwe kwanza, kwa sababu alumini iliyo wazi hewani hufunikwa na utando mwembamba sana wa oksaidi hiyo hiyo. Utando huo ndio huilinda metali isiendelee kuliwa. Plagi isipasuliwe darasani, maana vipande vyake hukata.

Baada ya hapo tujenge kielelezo. Wanafunzi wafinyange vidonge vya udongo vilivyo sawa, na kila kidonge kiwe chembe ya oksijeni. Vidonge vitatu viunganishwe kwa vijiti hata vigusane kama pembetatu. Juu yake iwekwe pembetatu nyingine ya vidonge vitatu, ikiwa imegeuzwa. Katikati hubaki nafasi iliyozungukwa na vidonge sita. Humo itiwe mbegu ndogo, nayo iwe chembe ya alumini.

Katika rundo kubwa lililopangwa hivyo, idadi ya nafasi za namna hii ni sawa na idadi ya vidonge. Kwa kila nafasi tatu, alumini hujaza mbili na kuacha moja tupu. Kwa hiyo kwa kila oksijeni tatu zipo alumini mbili, na hapo fomula Al₂O₃ hupata maana mbele ya macho ya mtoto. Matabaka ya oksijeni hupishana kwa zamu, la tatu likikaa sawasawa juu ya la kwanza, na hivyo fuwele huwa na mpango wa pembe sita. Umbo hili huitwa alfa, na katika miamba hujulikana kama korandamu.

Sasa wanafunzi waulizwe: itakuwaje tabaka moja likilazimishwa kuteleza juu ya jingine? Katika metali matabaka huweza kuteleza bila kuachana, na kwa hiyo sufuria hubonyea. Katika oksaidi kila chembe imeshikwa kwa nguvu na chembe za aina nyingine zenye chaji kinyume. Zikisukumwa, zenye chaji moja hukaribiana na kusukumana. Basi kauri haibonyei, bali hupasuka ghafla.

Ushahidi kwamba mpangilio una uzito mkubwa ni kuwa fomula ile ile huweza kuwa na umbo jingine. Katika umbo liitwalo gama, matabaka ya oksijeni hurudia kila baada ya matatu, na alumini hukaa katika nafasi za aina mbili, baadhi zikibaki tupu bila utaratibu. Huu ni unga wenye vitundu vingi vidogo, na viwanda vya kusafishia mafuta huutumia kubebea vichocheo. Ukipashwa joto kupita nyuzi 1,100 hivi, hatimaye hugeuka kuwa alfa, wala haurudi hali yake ukipoa.

Kwa Tanzania mfano huu u karibu nasi. Yakuti nyekundu ya Longido na yakuti za Bonde la Umba ni korandamu. Chembe chache za kromiamu zikichukua nafasi za alumini, jiwe huwa jekundu. Chuma pamoja na titaniamu hulipa rangi ya samawati.

Mwalimu awaonye wanafunzi kwamba kielelezo kina mipaka: vidonge vya udongo hushikwa na vijiti, bali chembe hushikwa na nguvu za umeme. Wengine pia hudhani kwamba kauri ni ngumu kwa kuwa kila chembe yake ni ngumu. Ili kupima kama somo limeeleweka, waulizwe kwa nini unga wa gama na yakuti, vyenye fomula moja, havifanyi kazi moja. Mwanafunzi atakayejibu kwa kuonyesha vidonge na nafasi zake, hata kama amesahau tarakimu zote, ameelewa somo.