Je, Wajua? Menyu ya Windows Huchelewa kwa Kuagizwa

Ukisogeza mshale wa kipanya juu ya menyu yenye menyu nyingine ndani yake, hasa katika programu za mtindo wa zamani, ile ya ndani haifunguki papo hapo. Husubiri milisekunde 400, karibu nusu sekunde. Si kwamba kompyuta imechoka. Imeagizwa ingoje, ili mkono upate muda wa kupita bila kufungua usichokitaka.

Agizo hilo limo katika sajili ya Windows, ghala la mipangilio lililoanza na Windows 3.1 mwaka 1992. Mengi yaliyomo humo hayana kitufe popote kwenye skrini, na hapo ndipo utamu ulipo: mashine ni yako, nawe una haki ya kuipanga utakavyo. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika regedit, kisha fuata HKEY_CURRENT_USER, Control Panel, Desktop. Tafuta MenuShowDelay, ubadilishe 400 iwe 100. Toka kwenye akaunti yako, uingie tena. Utaona tofauti, hata kwenye kompyuta kuukuu. Sifuri siipendekezi, kwa sababu menyu zitafunguka ovyo kila mshale unapopita.

Sajili haina kitufe cha kutengua kosa, na kufuta kisichofaa kufutwa kunaweza kuizuia Windows isiwake. Kwa hiyo, kabla hujagusa chochote, fungua File, chagua Export, uhifadhi nakala.