Bastola ya Bei Rahisi: Uzito Wake na Kukwama Kwake

Bastola ya Hi-Point C9, iliyoundwa katika jimbo la Ohio, Marekani, iliuzwa kwa miaka mingi kwa chini ya dola 200. Wenye nayo huulalamikia uzito wake, ilhali uzito huo ndio ufundi wenyewe.

Katika bastola nyingi za milimita 9, mtutu na kitelezi, yaani kipande cha juu kirudicho nyuma bastola inapofyatuliwa, hufungamana mpaka shinikizo la gesi lipungue. C9 haina kufuli hiyo; hutegemea tungamo la kitelezi na springi tu. Tuseme risasi ina gramu 7.5 na mwendo wa mita 350 kwa sekunde. Tukiiacha gesi kando, kitelezi cha nusu kilo kitarudi kwa mita 5 hivi kwa sekunde. Cha robo kilo, kwa mita 10. Ndiyo maana hufanywa kinene, tena kwa aloi ya zinki, ambayo huyeyuka chini ya nyuzi 400 za Selsiasi na kumiminwa kalibuni kwa gharama ndogo.

Kukwama, wasemavyo wamiliki, mara nyingi hutokana na magazini: midomo yake ya bati ikipinda kidogo tu, risasi hupanda kombo isiingie chemba.

Apigaye risasi 200 bila hitilafu huisifu bastola yake. Lakini bastola ikwamayo mara 1 katika kila risasi 100 ina nafasi ya asilimia 13 ya kulipita jaribio hilo salama. Naye aliyeinunua kwa kulinda nyumba yake huenda asizifikishe hata hizo 200, kwani risasi nazo zina bei.