Mlio wa Gari na Usingizi wa Jirani

Mimi ni mtu wa tungo na kalamu, si mtu wa spana. Hata hivyo mwezi huu nimeketi siku mbili katika karakana moja huko Changamwe, juu ya debe tupu, nikimsikiliza fundi akinisomesha elimu ya bomba la moshi. Aliyenifikisha huko ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, na gari lake Subaru Impreza la mwaka 2001.

Kijana huyu hufanya kazi ya zamu bandarini. Alijinyima miaka mitatu ndipo akalinunua gari hilo, na tangu siku hiyo hana hadithi nyingine. Nami simlaumu. Sisi tuliokuwa watoto Mombasa zama za Shekhar Mehta, aliyeshinda Safari Rally mara tano, mwaka 1973 kisha mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, twajua jinsi habari za magari yale zilivyoweza kumsahaulisha mtoto somo lake la chuoni. Mpwa wangu alizaliwa baadaye, na shujaa wake ni Colin McRae, aliyeshinda Safari mwaka 1997 akiendesha Subaru. Mashindano hayo yaliporudishwa katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, huko Naivasha, alikwenda akarudi na vumbi hadi masikioni. Akaniambia, "Mjomba, ule si mlio. Ule ni wimbo."

Basi akataka na lake liimbe. Akalipeleka kwa fundi mmoja, naye akamwambia dawa ni moja: kata sailensa zote, weka bomba nene liende moja kwa moja hadi nyuma. Kijana akalipa karibu mshahara wa mwezi mzima.

Usiku alioingia nalo Mji wa Kale, yapata saa nane, nadhani hata paka wa Kibokoni walikimbia. Njia zetu ni nyembamba na kuta ni za mawe. Sauti ikiingia humo haina pa kutokea. Hupiga ukuta huu ikarudi ule, na gari moja likawa kama magari matano.

MASIKIO MAWILI

Nyumba ya pili kutoka kwa dada yangu anakaa Maalim wetu. Ndiye aliyemfunza mpwa wangu alifu na be, na kabla yake alinifunza mimi. Sasa ni mzee sana, moyo wake una maradhi, na usingizi wake ni wa kuokoteza. Maalim hakusema neno. Mjukuu wake ndiye aliyeninong'oneza kwamba gari lipitapo saa nane, babu yake huamka, na hapati tena lepe la usingizi hadi adhana ya Alfajiri.

Nikaenda kwa dada yangu nikitaraji ataniunga mkono. Akaniambia, "Kaka, na mimi silali mpaka nilisikie. Likinguruma pale kwenye kona, najua mwanangu karudi salama. Ndipo nafumba macho."

Nikakosa la kujibu. Mlio mmoja ulikuwa ukimwamsha mgonjwa na kumlaza mama.

Nilipomweleza kijana habari za Maalim alinyamaza kwa muda. "Mjomba, mbona hakuniambia mwenyewe?"

"Kwa sababu ni Maalim," nikamjibu. "Na haki ya jirani ndiye aliyekufunza yeye. Atakukumbusha mara ngapi?"

Kesho yake akaniomba tufuatane kwa fundi mwingine, mtu mzima aliyeota mvi katika kazi hiyo.

UTAMU SI UKELELE

Fundi huyo aliingia chini ya gari, akatoka akitikisa kichwa. "Kijana, hukuongezewa wimbo. Umeongezewa ukelele tu."

Kisha akatueleza, nami nikaandika. Kila silinda ikichoma mafuta, valvu ya moshi hufunguka na moshi ukatoka kwa kishindo. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, hutoa vishindo 100 kila sekunde. Katika magari mengi vishindo hivyo hufuatana kwa nafasi sawasawa, kama shairi lililotimia mizani.

Subaru hili si hivyo. Silinda zake zimelala, mbili kulia na mbili kushoto, na huwaka mbili za upande mmoja zikifuatana, kisha mbili za upande wa pili. Mabomba ya pande hizo hukutana kwenye tabo, lakini bomba la upande mmoja ni refu zaidi, kwa hiyo vishindo vyake huchelewa kufika. Ndipo ukapatikana ule mdundo wa kuchechemea ambao vijana wanaupenda. Sisi watungaji tungeliita shairi hilo guni! Wao wanaliona ndilo tamu, hata Subaru walipotengeneza injini za baadaye zenye mabomba yanayolingana, wapenzi wengi walilalamika kwamba gari limepoteza sauti yake.

"Sasa tazama," akasema fundi. "Utamu unaoutafuta uko huku mbele, karibu na injini. Sailensa iko nyuma. Kazi yake si kuharibu mdundo, ni kupunguza nguvu ya sauti." Akatupasulia sailensa kuukuu tuone. Ndani mna bomba lenye matundu mengi, limezungushiwa nyuzinyuzi kama pamba. Sauti hupenya matunduni, ikazama katika nyuzi zile na kugeuka joto. Sailensa nyingine zina vyumba, na mawimbi ya sauti hugongana humo yakauana yenyewe kwa yenyewe.

Kisha akatuonyesha jambo lililonitia baridi. Yule fundi wa kwanza alikuwa amekitoa pia chombo cha kusafishia moshi, kile chenye madini kama platinamu, ambacho huigeuza monoksidi ya kaboni kuwa hewa isiyo na sumu kali. Tena mshono wake mmoja, chini kabisa ya viti, ulikuwa na ufa. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Mtu aliyefunga vioo huanza kuumwa kichwa, akalegea, akalala, na huenda asiamke. Mpwa wangu akasema kwa sauti ndogo kwamba wiki zile kichwa kilikuwa kikimuuma, naye alidhani ni zamu za usiku.

Siku mbili zile fundi alirudisha chombo cha kusafishia, akaweka sailensa mpya mbili, akaunga kwa bomba la stenlesi kwa sababu hewa yetu ya chumvi hulila bomba la kawaida upesi. Palikuwa na uvumi ulioziba masikio ndani ya gari kila injini ilipofika mizunguko 3,000. Kwa huo akachomelea bomba la pembeni lililozibwa mwisho, urefu wake zaidi ya mita moja. Wimbi la sauti huingia humo, likagonga mwisho na kurudi, na linapotoka hukutana na mwenzake likiwa kinyume chake, yote mawili yakafa.

Sheria nayo ipo. Kanuni za mwaka 2009 za kuzuia uchafuzi wa kelele zinakataza kelele kubwa zisizo na sababu. Lakini nilichokiona ni kwamba kijana hakurudi kwa fundi kwa kuogopa askari.

Usiku wa siku ya pili nilikesha kwa dada yangu, dirisha wazi. Saa nane tukausikia mdundo ule ule wa kuchechemea, ila kwa chini, mfano wa mtu ajiimbiaye njiani akirudi kwake. Dada yangu akasema, "Ndilo hilo," akaenda kulala.

Asubuhi nikamwamkia Maalim na kumuuliza usiku umepitaje. "Alhamdulillahi, nimelala," akasema. Kisha akanisogelea. "Ati yule kijana ameuza gari?"

"La, Maalim. Analo."

Akatabasamu. "Mwambie nimesikia kwamba siku hizi lajua adabu."

Nami nikarudi nyumbani nikashika kalamu:

Mizani huwa ni tamu, hata ukiinong'ona,
Mwenye sikio fahamu, sauti si kushindana,
Jirani tumuheshimu, usiku hata mchana,
Ngoma haiwezi dumu, ikiwa yavuma sana.