Vyumba Vingapi Vitazitosha Ngara na Biharamulo?

Sensa ya mwaka 2002 iliikuta wilaya ya Biharamulo, mkoani Kagera, na watu 410,794. Makarani wa sensa waliporudi mwaka 2012 walihesabu 323,486. Hapakuwa na njaa wala maradhi yaliyowaondoa watu. Chato ilikuwa imemegwa kutoka Biharamulo na kuwa wilaya inayojitegemea, na mwaka huo wa 2012 ikaingizwa katika mkoa mpya wa Geita. Kisha ikaja sensa ya 2022, na Biharamulo, bila Chato, ikaonekana ina watu 457,114. Wilaya iliyopunguziwa eneo na watu ilikuwa imewarudisha wote na kuongeza, ndani ya miaka kumi tu.

Jirani yake Ngara ilitoka watu 320,056 hadi 383,092 katika kipindi hicho hicho.

Takwimu hizi huwa zinasomwa kwa habari ya madarasa, zahanati na visima, na ni haki zisomwe hivyo. Lakini kuna jambo jingine ambalo halizungumzwi sana: kila kiwanja kinachopimwa, kila leseni ya duka, kila kikundi cha akina mama kinachoomba mkopo, kila mwalimu anayedai malimbikizo yake, mwisho wa safari ni meza ya mtumishi fulani wa umma. Watu 133,628 walioongezeka Biharamulo kati ya sensa mbili wameongeza foleni mlangoni, mafaili kwenye makabati na viti vinavyokosekana kwenye benchi la kusubiria. Wilaya inayokua inahitaji ofisi zinazokua nayo, na kuzipanga ni kazi ya hesabu na ya busara kwa pamoja.

Biharamulo inalo jengo linaloonyesha jinsi serikali ya zamani ilivyoitazama kazi yake. Boma la Wajerumani, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 20, lina kuta nene za ngome na ua katikati. Waliolijenga walitaka kumwona mapema kila anayekuja na kumzuia ikibidi. Utawala wenyewe ulikuwa wa maafisa wachache mno, na shughuli zao zilikuwa kodi, amri na ulinzi. Ramani ya jengo ilifuata kazi hiyo. Leo kazi imegeuka: ofisi ya halmashauri ipo ili mwananchi aingie, ahudumiwe, aondoke mapema akawahi basi la kurudi Nyakahura au Kalenge. Bado yapo majengo mengi ya serikali nchini yaliyojengwa juzi yanayomweka mwananchi juani kwenye varanda, kama vile hakutarajiwa.

Mwananchi huyo, anapofika wilayani, hukuta serikali mbili kwa wakati mmoja. Ipo Ofisi ya Mkuu wa Wilaya, yenye Katibu Tawala wake, inayoiwakilisha Serikali Kuu. Na ipo Halmashauri ya Wilaya, yenye madiwani waliochaguliwa, Mkurugenzi Mtendaji, idara na vitengo. Halmashauri zilifutwa mwaka 1972 chini ya mpango wa Madaraka Mikoani, zikarudishwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 1982 na kuanza kazi upya mwaka 1984. Mtu aliyetoka Rulenge na mgogoro wa shamba hana sababu ya kuijua historia hiyo. Anachotaka ni kuelekezwa chumba. Ofisi hizi mbili zikiwekwa mbalimbali bila kibao wala meza ya mapokezi, mzigo wa kutofautisha mamlaka unamwangukia yeye.

Basi hesabu inaanzia wapi? Mazoea ni kuanza na vyeo: mkuu wa idara chumba chake, msaidizi wake chumba chake, wengine watajibana. Njia iliyo bora ni kuanza na kazi. Mweka hazina na watu wake hushinda mezani, kwa hiyo wanahitaji meza za kudumu na dirisha la malipo. Afisa ugani au mhandisi wa ujenzi hushinda vijijini; meza moja inaweza kuwatosha wawili wanaopokezana. Afisa biashara anaweza kukaa kwenye ukumbi wa wazi wenye kaunta. Lakini afisa ustawi wa jamii hawezi. Mama aliyekuja kueleza ukatili aliofanyiwa nyumbani hastahili kuusimulia mbele ya watu wanaosubiri leseni. Chumba hicho kinahitaji mlango unaofungwa na ukuta usiopitisha sauti, na kama kuna chumba kimoja tu cha namna hiyo kwenye jengo zima, basi kiwe chake kabla ya kuwa cha bosi.

Tuchukue mfano. Halmashauri ina watumishi 120 makao makuu, na kila mmoja anapangiwa mita za mraba 8. Hizo ni mita za mraba 960 za vyumba peke yake. Ukiongeza korido, ngazi, kuta, vyoo, masijala na ukumbi wa mikutano, jengo linapita mita za mraba 1,400 bila shida. Sasa tuseme watumishi 40 kati yao ni wa kazi za nje na wanapokezana meza wawili wawili. Meza 20 zimeokolewa, sawa na mita za mraba 160, na hapo ndipo panapopatikana ukumbi wa wananchi kusubiria wakiwa wamekaa. Hakuna shilingi iliyoongezwa.

Ukumbi wa madiwani nao unahitaji kufikiriwa. Ngara ina kata 22 na Biharamulo 17. Kila kata ina diwani wake, na juu yao wapo wa viti maalumu. Baraza hukutana kwa kawaida kila robo ya mwaka, na vikao vyake viko wazi kwa wananchi. Chumba kikubwa kuliko vyote kinachotumika siku chache kwa mwaka ni gharama isiyo na sababu. Kikijengwa kwa namna ya kugawanyika, siku nyingine kinakuwa cha mafunzo ya walimu, cha semina za watendaji wa vijiji, au cha kuwasikiliza wanavikundi. Tangu mwaka 2018 sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na wanaokwenda kuiomba huja kwa makundi. Ofisi ya maendeleo ya jamii yenye viti viwili vya wageni haiwezi kuwapokea.

Halafu ipo masijala. Huu ndio moyo wa ofisi yoyote ya umma, na mara nyingi ndio hupewa chumba kibovu kuliko vyote. Karatasi ni nzito, hivyo mahali pake ni sakafu ya chini yenye msingi imara. Karatasi huliwa na mchwa na huoza kwa unyevunyevu, na Ngara ni nchi ya vilima na mvua. Mfumo wa e-Ofisi umepunguza mafaili mapya, lakini ya zamani hayachomwi kwa sababu kompyuta imefika: Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 inataka yatunzwe kwa utaratibu. Faili la kiwanja la miaka 30 iliyopita linaweza kuwa ndilo ushahidi pekee wa familia yenye kesi.

Kama kuna mahali Tanzania ambapo mpangaji hapaswi kuamini kwamba kesho itafanana na leo, ni Ngara. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 waliokimbia Rwanda walivuka daraja la Rusumo katika muda wa saa 24 hivi. Walikuwa wengi kuliko wakazi wote wa wilaya waliohesabiwa katika sensa ya 1988. Kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa wa mahema. Mashirika ya misaada yakaja kwa wingi, yakakodi nyumba na kuajiri, na baadhi ya watumishi wa wilaya waliacha kazi serikalini wakaenda huko kwenye mishahara mikubwa. Ofisi ya wilaya ikajikuta na kazi nyingi kuliko wakati wowote na watu wachache wa kuifanya. Kisha, Desemba 1996, Wanyarwanda wengi wakarudishwa kwao.

Ungejenga ofisi za ukubwa gani mwaka 1995? Jibu la haki ni kwamba hakuna jengo la kudumu linalopaswa kupimwa kwa dharura. Dharura hupewa mahema, makontena na nyumba za kukodi, mradi kiwanja kipo, maji yapo na umeme upo.

Swali hilo linarudi sasa kwa sura nyingine. Kabanga, katika kata ya Bugarama wilayani Ngara, kuna hazina kubwa ya nikeli. Januari 2021 serikali iliingia mkataba na kampuni ya Kabanga Nickel, ikaundwa Tembo Nickel ambamo serikali ina hisa za asilimia 16. Mgodi huleta watu wengi wakati wa ujenzi kuliko wakati wa uchimbaji. Huleta wathamini, maafisa ardhi na maafisa maendeleo ya jamii wa kushughulikia fidia; huleta wageni wanaotaka viwanja na leseni; na ukianza kuzalisha huleta kwa halmashauri ushuru wa huduma unaotokana na mauzo. Kazi ya ofisi hutangulia mapato yake. Halmashauri itakayosubiri ushuru ndipo ipange vyumba itakuwa imechelewa kwa miaka.

Mfano mzuri wa kupanga ofisi kwa kufuata kazi hauko mbali. Uko Rusumo. Kituo cha huduma kwa pamoja mpakani, kilichozinduliwa rasmi Aprili 2016 na Rais John Magufuli na Rais Paul Kagame, kilipangwa kwa kufuata hatua za msafiri. Dereva wa lori anayeingia Rwanda hagongewi muhuri Tanzania kisha akapange foleni tena ng'ambo. Maofisa wa nchi zote mbili wako pamoja upande anaoingilia. Jengo liliwezekana kwa sababu watu walikaa kwanza wakauliza: huyu mtu anapita meza ngapi, na ipi inaweza kuondolewa? Swali hilo hilo likiulizwa juu ya mtu anayetafuta kibali cha ujenzi Biharamulo mjini, ramani ya ofisi itajichora nusu.

Kuna hatari ya upande wa pili pia. Mwaka 1955 mwanahistoria Mwingereza C. Northcote Parkinson alionyesha kwamba Ofisi ya Makoloni ya London, ile ile iliyoisimamia Tanganyika, ilikuwa na maofisa 372 mwaka 1935 na 1,661 mwaka 1954. Ongezeko hilo, alisema, halikufuata wingi wa kazi. Vyumba vikiwepo, watu wa kuvijaza hupatikana. Kwa hiyo hoja ya kujenga kubwa ili tusirudie haitoshi. Ghorofa lenye vyumba vitupu linahitaji rangi, mlinzi na fundi wa paa, na fedha hizo zinatoka kwenye mfuko ule ule wa zahanati.

Njia ya kati ilionekana Mtumba, Dodoma. Serikali ilipohamia huko, kila wizara ilipewa shilingi bilioni 1, yakajengwa majengo madogo kwa miezi michache, na awamu hiyo ikazinduliwa Aprili 2019. Hayakutosha, na hayakukusudiwa kutosha milele; maghorofa yakafuata katika awamu ya pili. Kilichowezesha yote ni ardhi iliyotengwa mapema ikiwa na barabara na miundombinu. Wilaya haiwezi kuiga bajeti ya Mtumba, ila mpangilio wake inaweza: kiwanja kikubwa kwanza, jengo la kiasi baadaye, na msingi unaoruhusu kuongeza.

Na jengo lenyewe lisisahau mahali lilipo. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi la ukubwa wa 5.9 liliua watu na kubomoa majengo mengi ya Kagera, zikiwamo shule za serikali. Nondo na mihimili si mahali pa kubana matumizi, hata fedha zikiwa chache na kazi ikifanywa kwa force akaunti, yaani halmashauri yenyewe ikisimamia ujenzi badala ya mkandarasi. Ngara na Biharamulo zilitegemea majenereta ya dizeli kwa miaka mingi, na umeme ukikatika jengo lenye madirisha mapana linaendelea kufanya kazi. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka majengo ya umma yafikike. Mteremko wa kiti cha magurudumu kwenye ardhi ya vilima huchorwa tangu siku ya kwanza au haupatikani kabisa.

Lakini nafasi iliyo ya thamani kuliko zote haiko makao makuu. Iko kwenye kata. Miji midogo ya Benaco na Nyakanazi inakua kwa sababu ya barabara kuu, na watu wake hawapaswi kufunga biashara siku nzima kwa barua ya utambulisho au ushauri wa mgogoro mdogo. Mwaka 2019 Rais Magufuli aliziagiza halmashauri zilizokuwa na ofisi nje ya maeneo yao zihamie kwa wananchi wao. Agizo hilo lilihusu makao makuu, ila mantiki yake inashuka hadi chini: Mtendaji wa Kata mwenye ofisi ya vyumba vitatu, umeme na intaneti anapunguza foleni ya wilayani kuliko ghorofa jipya linavyoweza.

Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, na mipango ya halmashauri hupitia vijiji na kata kabla ya kufika kwa madiwani. Wakazi wa Ngara na Biharamulo waulize mapema: kiwanja cha ofisi za kata yetu kimepimwa, na hati yake iko wapi? Kiwanja cha umma kisicho na hati huvamiwa, na kukirudisha kwa fidia kunaweza kuwa ghali kuliko jengo lenyewe.