Anzia Kwenye Krenki, Si Kwenye Rangi

Mtu akinunua Triumph Bonneville ya mwaka 1967, jicho lake huenda kwanza kwenye tangi. Anataka lipakwe rangi upya na eksozi zing'ae kama kioo. Namwelewa, maana pikipiki hizi zilibuniwa zipendeze. Lakini wahenga walishatuonya: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Katika kazi ya kufufua pikipiki kuukuu za Kiingereza, pesa nyingi zimepotelea kwenye rangi iliyopakwa juu ya injini ambayo hakuna aliyeifungua.

Bonneville ilianza kuuzwa katika msimu wa 1959. Ilitengenezwa Meriden, karibu na Coventry, ambako Triumph ilihamia baada ya kiwanda chake cha mjini kuharibiwa kwa mabomu ya Wajerumani mwaka 1940. Ina silinda mbili zilizosimama bega kwa bega, ujazo wa sisi 649, na kabureta mbili. Ukoo wake unarudi hadi Speed Twin, pikipiki iliyobuniwa na Edward Turner na kutangazwa mwaka 1937. Kwa hiyo unachokifungua leo ni injini yenye fikra za miaka ya 1930, na inadai matunzo ya enzi zake.

Dai la kwanza ni spana. Fundi aliyezoea namba 10, 13 na 17 atashangaa hakuna inayokaa sawasawa. Spana za Whitworth, mfumo wa zamani wa vipimo vya Kiingereza, zina hesabu yake: namba iliyoandikwa haitaji upana wa kichwa cha nati, inataja unene wa bolti. Nyuzi nazo ni tofauti. Za Whitworth zimekatwa kwa pembe ya nyuzi 55, za milimita kwa pembe ya 60. Tena, mwishoni mwa miaka ya 1960 viwanda vya Uingereza vilikuwa vinahamia kwenye vipimo vilivyotumika Marekani, hivyo pikipiki moja inaweza kuwa na bolti za koo mbili au tatu. Ukilazimisha spana isiyo yake, nati inalika pembe. Ukilazimisha bolti isiyo yake kwenye kava la alumini, umeliharibu kava. Nunua spana sahihi kabla ya kununua kipuri chochote, piga picha kila hatua, na kila bolti iweke kwenye mfuko wenye jina lake.

Sasa twende ndani. Kwenye krenki ya Triumph kuna kibomba kifupi cha chuma, kimelala ndani ya sehemu ambako konrodi hukamata. Kazi yake ni kunasa uchafu. Injini hizi zilitoka kiwandani bila filta ya karatasi. Zilikuwa na machujio ya waya tu, yanayozuia vipande vikubwa na kuachia unga laini wa chuma upite. Krenki inapozunguka kwa kasi, chembe nzito hutupwa pembeni na kuganda kwenye ukuta wa kibomba, na oili iliyo safi huendelea hadi kwenye beringi za konrodi. Ni ubunifu mzuri, ila kibomba hicho hakina mlango wa kutolea taka. Kila safari inaongeza tabaka. Siku kikijaa, oili haipiti, beringi zinakauka na kuungua, na konrodi ikikatika hutoboa injini nzima.

Kukifikia, lazima ushushe injini na kutenganisha nusu zake mbili. Ubavuni mwa krenki utaona plagi iliyogongwa kwa senta panchi ili isilegee. Itoboe alama ile kwanza kwa keekee ndogo. Kisha fungua bolti ya flaiwili ambayo ncha yake inakishikilia kibomba. Ukiisahau bolti hiyo, utavuta hadi kesho. Plagi yenyewe inataka joto na bisibisi ya kugonga. Kinachotoka baada ya hapo ni matope ya kijivu, magumu kama sabuni iliyokauka. Yasugue kati ya vidole na utahisi chengachenga: ni beringi, ringi na meno ya gia za taimingi vilivyosagika kwa miaka mingi.

Niliwahi kufungua krenki ya pikipiki iliyouzwa kwa maelezo kwamba imefufuliwa kila kitu. Rangi mpya, kiti kipya, rimu zimechovywa kromu. Ndani ya kibomba njia ya oili iliyobaki ilitosha kupitisha njiti ya kiberiti tu. Mwenye nayo alikuwa ameshapanga safari ya mbali.

Ukishakisafisha kibomba kwa mafuta ya taa, pitisha upepo kwenye kila tundu la krenki, halafu sukuma oili kwa kopo la mkono hadi uione ikitoka pande zote mbili. Funga plagi mpya kwa gundi ya nyuzi, igonge tena alama. Kazi hii itachukua siku kadhaa, na hakuna mgeni hata mmoja atakayeiona.

Uvujaji wa oili, ulioziharibia pikipiki hizi jina, nao una sababu za ndani. Oili hukaa kwenye tangi lake juu, na pampu ina vigololi vinavyozuia isishuke injini ikiwa imezimwa. Chembe moja ikikizuia kigololi kisikae, oili hutiririka polepole hadi injini inajaa chini. Ukiwasha baada ya wiki kadhaa, unaona moshi mzito na oili inatafuta pa kutokea. Wengi hukimbilia kupaka silikoni kwenye maungio, na mabaki ya silikoni hiyo huingia ndani na kuziba njia za oili. Safisha pampu, sawazisha nyuso za kava, weka gasketi nzuri. Baada ya hapo mwaga oili mapema. Mimi huibadilisha kila kilomita 1,500, kwa kuwa filta kubwa ya injini hii ni mkono wa mwenyewe.

Umeme uuangalie kwa macho mawili. Hapa chanya ya betri ndiyo inayofungwa kwenye fremu. Ukiifunga kwa mazoea ya pikipiki za leo, utachoma vifaa vya kuchaji kwa sekunde moja.

Siku ya kuwasha, usisimame upande wa eksozi kusikiliza mlio. Fungua kifuniko cha tangi la oili, umulike tochi ndani. Baada ya muda mfupi utaona oili ikirudi kwa kurukaruka kutoka kwenye bomba la juu. Hapo umejua imeshuka, imepita kwenye pampu na kwenye krenki uliyoisafisha, na imerudi salama. Ikirudi hivyo, zima injini, funga kifuniko. Sasa unaweza kuzungumza na mpaka rangi. Na ikiwa rangi ya Meriden bado imeshikilia tangi, hata kwa kufifia, mwambie asiiguse.